Mwenye Fedha Ndiye wa Kwanza Kuulizwa

Ajali ya ujenzi ikitokea, maswali huanzia chini. Fundi alivaa viatu gani? Alipandaje? Kwa nini hakujishika? Huenda alikuwa amelewa? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza nani aliyetaka nyumba iezekwe kabla ya Ramadhani, nani aliyepatana bei ambayo haikuwa na nafasi ya mbao za jukwaa, au nani aliyeamua shimo la choo lichimbwe Januari wakati mvua inapiga. Maamuzi hayo hufanywa siku nyingi kabla ya kibarua kufika saiti na karai lake, na mara nyingi ndiyo yanayopanga kama atarudi nyumbani mzima. Ninachotaka kusema ni hiki: wajibu wa kwanza wa afya na usalama kwenye ujenzi ni wa yule anayetoa fedha na kupanga muda, na wajibu huo haumwondokei kwa sababu tu amemkabidhi fundi kazi. Ukanda wa Mtwara, kuanzia Mikindani kupita mjini hadi Msimbati, Kitaya na mlango wa mto Ruvuma, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, maana hapa ujenzi wa aina mbili unaishi jirani na kila mmoja unaonyesha upungufu wa mwenzake.

Ujenzi wa kwanza ni ule unaoonekana kwenye taarifa ya habari. Katika miaka kumi na mitano hivi iliyopita, mkoa huu umejengewa mtambo wa kuchakata gesi Madimba pamoja na bomba la zaidi ya kilomita 500 linalopeleka gesi hiyo Dar es Salaam. Umepata kiwanda cha saruji cha Dangote kilichozinduliwa 2015, gati jipya la mita 300 katika bandari yenye kina kirefu cha asili, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kwenye saiti za namna hii kwa kawaida hupiti getini bila kofia ngumu na buti, na yupo ofisa ambaye kazi yake ni usalama tu. Ujenzi wa pili hauna geti. Ni nyumba ya vyumba vitatu Naliendele, fremu za maduka Chikongola, au nyumba ya bati ya mkulima wa korosho kule Mahurunga. Hapo kuna fundi, wasaidizi wake wawili au watatu, kinamama wa kuchota maji na kubeba kokoto, na mama ntilie na sufuria lake la uji hatua chache kutoka kwenye ukuta ambao haujakauka. Mikono inayojenga huko na huku inaweza kuwa ileile. Fundi aliyefunga nondo gatini akiwa na mkanda wa usalama kiunoni, mradi ukiisha, hurudi mtaani na kupanda juu ya lenta kwa ndala. Akili yake ni ileile na ujuzi wake ni uleule. Kilichobadilika ni aliye juu yake na kile anachokidai.

Sheria haikukusudia tofauti hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake na pia wa watu wengine wanaoweza kudhurika na kazi yake, huku mfanyakazi naye akitakiwa kujilinda na kufuata maelekezo halali. Mwaka 2015 zilitoka kanuni mahsusi za ujenzi chini ya sheria hiyo. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyotokana na sheria ya 1997, imewapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba kulingana na thamani ya kazi wanazoruhusiwa kuzishika, na saiti inatakiwa kuwa na kibao kinachomtaja mkandarasi. OSHA ina ofisi ya Kanda ya Kusini hapo hapo Mtwara. Karatasi zipo, basi, na ofisi ipo. Ila mkaguzi hufuata kilichosajiliwa. Nyumba inayojengwa kwa kupatana na fundi haina kibao wala mkandarasi wala rejista, na mara nyingi hakuna anayejiona kuwa mwajiri. Mwenye nyumba anasema kazi ni ya fundi. Fundi anasema vibarua amewapata leo tu, ni deiwaka. Kibarua yeye hana wa kumtaja.

Mpangilio huu hauji kwa ubaya wa moyo wa mtu. Unatokana na jinsi fedha inavyofika. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo huwafikia wakulima kupitia vyama vyao kati ya mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka unaofuata. Mvua za kusini nazo huanza kuelekea Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kipindi hicho ndicho chenye joto na unyevu mkali zaidi pwani. Kwa hiyo hela ya ujenzi inaingia mfukoni pale hasa ambapo ujenzi ni wa hatari zaidi: udongo umelowa, mbao zinateleza, jua likichomoza linawaka. Na kwa kuwa hela ya msimu haikai, ada ya shule na sherehe zikiisubiri, mwenye nyumba hufanya haraka. Anapatana na fundi bei moja kwa kazi nzima ya msingi, au kwa kupandisha tofali hadi lenta, au kwa kupaua. Bei ya namna hiyo humlipa fundi kwa kumaliza upesi. Kila saa anayoitumia kufunga jukwaa vizuri anaitoa mfukoni mwake mwenyewe. Mirunda anaazima, misumari anang'oa ya zamani na kuinyoosha, ubao wa kukanyagia ni mmoja anaouhamisha kila upande. Atakayesema fundi amejitakia hatari hiyo aonyeshe ni mstari upi wa mapatano yao ulimlipa asijitakie.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika ukanda huu ni mashimo, na inashangaza jinsi yanavyozungumzwa kidogo kuliko kofia. Ardhi ya pwani ya Mtwara kwa sehemu kubwa ni mchanga, na anayeijua barabara ya Msimbati anajua ni mchanga wa namna gani. Shimo la choo, karo la maji machafu au kisima huchimbwa kwa mkono, mtu mmoja ndani na mwingine juu anavuta ndoo kwa kamba. Asubuhi kuta husimama wima na kuonekana imara, kwa sababu unyevunyevu mdogo ulio kati ya chembe za mchanga unazishikanisha. Jua linapokausha uso wa ukuta, mshiko huo unakwisha. Mvua ikinyesha sana, maji yakijaa kati ya chembe, mshiko unakwisha pia. Mchanga hauna nyufa za kutangaza kuanguka kwake kama udongo wa mfinyanzi. Husimama, kisha hausimami. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi kidogo. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani, hata uso ukiwa wazi hewani, anaweza kufa kwa kukosa pumzi, kwani kila akitoa pumzi mchanga unajaza nafasi iliyopatikana na kifua hakipanuki tena. Na jirani anayerukia ndani kumwokoa anakuta ukuta wa pili ukimsubiri.

Kinga ya hatari hii inajulikana na haina maajabu. Nchini Marekani kanuni hudai kuta za mtaro zizuiliwe au zilazwe kuanzia kina cha mita moja na nusu hivi, isipokuwa kwenye mwamba thabiti. Hapa kwetu fundi mzuri wa visima hushusha pete za zege kadiri anavyochimba, au huweka mbao na mihimili ya kuzuia, au hulifanya shimo liwe pana juu na kupungua chini. Mchanga uliotolewa unamwagwa mbali na ukingo, ngazi inabaki ndani muda wote, na mchimbaji haachwi peke yake. Lakini pete zinunuliwe na nani? Shimo pana linataka siku za ziada, alipe nani? Hata kina chenyewe hakiamuliwi na mchimbaji. Mwenye nyumba ndiye anayesema anataka futi ishirini ili asilinyonye mapema, ingawa angeweza kuchimbiwa mashimo mawili mafupi yanayopokezana. Katika shimo, kuliko mahali pengine popote saitini, maamuzi ya juu na kifo cha chini vinaunganishwa na mstari mfupi sana.

Kwenye urefu hali si tofauti. Mtu akianguka kutoka mita tatu anafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na muda aliokuwa nao wa kufikiri haufiki sekunde moja. Kuhusu zege nitapita haraka: saruji mbichi ni kali kama magadi makali, hula ngozi polepole bila maumivu ya mwanzo, na anayeikanyaga kwa miguu mitupu huligundua jeraha usiku. Vumbi la mchanga na saruji likivutwa kwa miaka hubaki mapafuni. Hayo ni ya afya, na afya husahaulika kwa sababu haina siku ya tukio. Hakuna anayekusanyika saitini kwa ajili ya kikohozi cha miaka kumi.

Anayedhani maamuzi ya juu ni nadharia tu ayatazame majengo mawili ya Dar es Salaam. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji karibu na mitaa ya Indira Gandhi na Zanaki liliporomoka na kuua watu 36. Mamlaka zilisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Hakuna kibarua aliyeongeza ghorofa sita kwa uzembe wake. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne Kariakoo lilianguka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, wakafa watu 31. Iliripotiwa kwamba kazi za uchimbaji na mabadiliko ya sehemu ya chini zilikuwa zikiendelea huku maduka ya juu yakifanya biashara. Kuendelea kuuza juu ya kazi ya namna hiyo ni uamuzi wa kibiashara, na kibarua mwenye sululu hana sauti ndani yake. Mtwara haina maghorofa mengi, lakini desturi ya kuongeza chumba, kisha ghorofa, juu ya msingi uliowekwa kwa ajili ya nyumba ya chini imeshafika kila mji unaokua, na sioni kwa nini Mtwara iwe ya pekee.

Nje ya Afrika Mashariki, Uingereza imeigeuza hoja hii kuwa sheria. Tangu miaka ya 1990 kanuni zake za usanifu na usimamizi wa ujenzi, zilizoandikwa upya 2007 na tena 2015, zinampa mteja, yaani mwenye mradi, wajibu wa kisheria wa kupanga muda wa kutosha na fedha za kutosha ili kazi ifanyike salama, na zinamtaka msanifu aondoe hatari kwenye mchoro kabla haijafika ardhini. Ujenzi wa viwanja vya Olimpiki ya London ya 2012 uliendeshwa na mteja aliyelichukua hilo kwa uzito, na ulikamilika bila mfanyakazi hata mmoja kufa. Lakini haki inanilazimu niseme na upande wa pili: kanuni hizohizo humpunguzia mzigo mtu anayejenga nyumba ya kuishi mwenyewe, na wajibu wake kwa kawaida huhamia kwa mkandarasi. Je, si hivyo hasa anavyofanya mwenye nyumba wa Naliendele anapomwambia fundi kazi ni yako? Si hivyo. Kule wajibu unahama kwenda kwa mtu anayeweza kuubeba, mwenye kampuni, bima na mkaguzi anayemjua kwa jina. Hapa unahama kwenda kwa mtu mwenye mwiko, pimamaji na simu ya mkononi. Hapo wajibu umeangushwa njiani, na hakuna aliyeupokea.

Pingamizi la kawaida zaidi ni kwamba fundi si mwajiriwa, ni mtu aliyejiajiri, na mwenye nyumba si mtaalamu. Mwalimu au muuguzi atajuaje nondo ya milimita kumi na mbili inawekwaje? Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili ina ugumu wa kisheria kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna alama fulani: kwa mfano anafanya kazi chini ya maelekezo au usimamizi wa mwingine, anamtegemea kwa kipato, au anapewa vifaa. Mwenye nyumba anayenunua kila mfuko wa saruji mwenyewe, anayekuja jioni kuhesabu tofali na kuamuru ukuta uvunjwe, asiwe na uhakika sana kwamba si mwajiri. Sehemu ya pili ni kweli tupu, na haimwokoi. Asiyejua nondo hatakiwi kujua nondo. Anatakiwa kumtafuta anayejua, kumlipa kwa kujua huko, na kumwachia muda. Mtaani kuna jina la mafundi wanaojitwalia kazi wasizoziweza, fundi maiko, na kila mtu hulitamka kwa kicheko. Lakini fundi maiko hupata kazi kwa sababu yupo aliyemchagua kwa bei yake.

Gharama ni pingamizi zito zaidi, na silidharau katika mkoa ambao bei ya kilo ya korosho huamua mambo mengi. Hata hivyo tuhesabu kinachohesabika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015 kwa sheria ya 2008, unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi senti. Kiwango kwa sekta binafsi kilikuwa asilimia moja ya mishahara, kikapunguzwa hadi asilimia 0.6 na baadaye 0.5. Kwa kila shilingi milioni moja ya ujira, mchango ni shilingi elfu tano. Kwa kiasi hicho mtu aliyevunjika kiuno anapata matibabu na malipo ya ulemavu, na akifa wategemezi wake wanaangaliwa. Anayempa kazi mkandarasi aliyesajiliwa na mfuko huo amenunua kinga hiyo ndani ya bei. Anayepatana na fundi asiye na usajili anaokoa elfu tano, na siku ya ajali gharama inalipwa na daftari la michango ya msibani, yaani na majirani. Hakuna ajali isiyo na gharama, na katika ujenzi wetu bili yake imezoea kupelekwa nyumba isiyo yake.

Kisha husemwa kuwa mafundi wenyewe hawataki. Wape kofia wataitundika kwenye mrunda. Ni kweli, na kwa joto la Januari Mtwara mimi siwashangai. Lakini kofia ni kinga ya mwisho, inayoanza kazi baada ya mambo mengine yote kushindwa. Zinazotangulia zinamhusu mwenye fedha: kuiondoa hatari yenyewe kwa kubadili mpango, kuweka kizuizi kati ya mtu na hatari, kupanga kazi nzito ianze alfajiri na isimame jua likiwa utosini, kuweka kivuli na maji ya kunywa. Jukwaa lenye ubao mpana na reli ya kushika halimwombi fundi kibali. Lipo au halipo. Tumeshika sana kofia kwa sababu ni kinga pekee ambayo lawama yake inamwangukia mvaaji.

Na wapo wanaofunga mjadala kwa kusema ajali haina kinga. Msemo huo una mahali pake, lakini watu wa pwani hii wenyewe hawauishi kama wanavyoutamka. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikielekea Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, watu wa Mtwara walihimizwa kuondoka maeneo ya hatari, na hakuna aliyewacheka waliohama kwa kuwa upepo ni wa Mungu. Upepo haukuamuliwa na mtu, bado ulikingwa. Ukuta wa mchanga uliochimbwa kwa amri ya mtu, kwa kina alichokitaja, unastahili kinga zaidi ya upepo.

Yapo yanayoweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya. Halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi inaweza kutaka kiandikwe jina la mtu mmoja atakayejibu kwa usalama wa saiti, na jina hilo lisiwe la kibarua. Vyama vya ushirika, ambavyo fedha ya msimu inapita mikononi mwavyo, vinaweza kununua majukwaa ya chuma na kuyakodisha kwa wanachama, kama vinavyosambaza pembejeo. Wakaguzi nao wangetembelea mashimo machache kila Januari badala ya kusubiri ripoti.

Linabaki suala la saiti zilizolala. Msimu wa 2018/19, Serikali ilipoingia yenyewe kununua korosho kwa kutumia jeshi, malipo yaliwachelewea wakulima wengi, na hata katika misimu ya kawaida bei ikishuka ujenzi husimama pale ulipofikia. Mafundi huondoka. Huachwa boma lisilo na bati, nondo zilizochomoza kwenye nguzo kwa urefu wa macho ya mtoto, na karo lililo wazi ambalo mvua imelijaza hadi ukingoni. Watoto wa jirani hucheza humo, mbuzi hutumbukia, mpita njia wa usiku hana taa. Kwa mwaka mzima au zaidi hapana mkandarasi wala kibarua mahali hapo, na bado ni mahali pa hatari palipotengenezwa kwa fedha ya mtu anayejulikana kwa jina na ukoo. Kufunika shimo kwa mbao nzito, kukunja ncha za nondo na kuzungushia uzio wa miti ni kazi ya siku moja, na haihitaji msimu mzuri wa korosho.